Hesabu Hadi Saba

4 Machi

Kaka Redio,

Mimi mzima, na wewe najua utasema u mzima hata ukiwa umevunjika miguu yote miwili, kwa hiyo salamu tumezimaliza.

Nimekupigia simu mara tisa tangu mwezi wa kwanza. Inaita mpaka inachoka. Wifi akipokea anasema umetoka, uko bafuni, umelala. Mtu ambaye baba yake mwenyewe alimpa jina la Redio kwa kushindwa kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni, leo hapokei simu! Haya, nimeshika kalamu, kama enzi zile ulipokuwa bado mwanafunzi chuoni.

Nina shida. Bodi ya hospitali inataka kuifunga wodi yetu ya wazazi. Wanasema wakunga tuko wachache, afadhali tuhamishiwe hospitali kuu na akina mama watufuate huko. Huko ni kilomita hamsini na mbili, na katikati kuna lile daraja la chini linalofunikwa na maji kila mvua ikichachamaa. Wataamua tarehe 11 Aprili. Matroni amenichagua mimi, mkunga mkuu, nikazungumze mbele yao. Watu tisa, dakika kumi.

Unanijua. Nimezalisha watoto mpaka hesabu imenipotea, na mkono hautetemeki. Lakini nisimamishe mbele ya watu waliokaa wakinitazama, ulimi unakuwa mzito kama nimeumwa na nyuki. Siku ya harusi yako niliambiwa niseme machache kwa niaba ya familia. Nikasema, "Karibuni chakula," nikakaa. Na chakula kilikuwa hakijaiva.

Wewe umewafundisha walimu watarajiwa kuzungumza mbele ya watu kwa miaka ishirini na miwili. Nifundishe na mimi. Nimeshaandaa slaidi thelathini na nne. Nipigie nikusomee.

Mdogo wako,
Kitinda


10 Machi

Mdogo wangu Kitinda,

Slaidi thelathini na nne kwa dakika kumi! Unataka kuwashawishi au kuwapofusha? Nimecheka kimoyomoyo mpaka Wifi yako akaja kuangalia nina nini.

Simu sitapiga, na sababu ni ya kitaalamu. Ukinisikia utaniiga. Wanafunzi wangu waliofanya vibaya kuliko wote ni wale waliotaka kusema kama mimi. Walisimama pale wakipunga mikono kama wanafukuza kuku. Kwa maandishi utachukua mawazo yangu na kubaki na sauti yako. Kwa hiyo barua, na usinibishie, mimi ndiye mkubwa.

Sasa sikiliza. Wale watu tisa wakitoka chumbani watakumbuka kitu kimoja tu. Kitafute kitu hicho na ukiandike nyuma ya kiberiti. Kisipoenea hapo, jua bado hujakielewa. Majedwali yote tupa. Najua yana ukweli, lakini hakuna aliyewahi kulilia jedwali. Nitafutie mama mmoja, mmoja tu, ambaye bila wodi hiyo angekufa, uniambie alifikaje, alikuwa amevaa nini, alisema nini.

Kisha nenda kwenye chumba hicho kabla ya siku yenyewe. Simama hapo hapo utakaposimama. Angalia soketi iko wapi, mwanga wa projekta unaangukia wapi, nani atapigwa na jua machoni. Mtu anayepigwa na jua hasikii kitu, anasubiri tu kivuli. Na uzungumze kwa sauti, si kwa kusoma moyoni. Maneno yanayoteleza kichwani yana tabia ya kukwama kooni.

Piga moyo konde. Mtu anayeweza kumwambia mama aliye kwenye uchungu "bado, usisukume" na akasikilizwa, huyo hana cha kujifunza kwa mtu yeyote.

Kaka yako,
Redio


17 Machi

Kaka Redio,

Nimekwenda. Ni chumba cha mikutano ghorofa ya pili, juu ya famasi. Meza ndefu, viti tisa, cha Mwenyekiti kina mto. Feni moja, inagonga. Soketi iko nyuma ya kabati la mafaili, nimeazima waya mrefu. Mama mmoja wa usafi alifungua mlango akanikuta navihutubia viti vitupu, akarudi kinyumenyume. Kesho yake aliniuliza kama ninapata usingizi.

Slaidi zimebaki tatu. Nimezitupa zile nyingine huku roho inaniuma.

Mama nimempata. Mwaka juzi, siku ya mvua kubwa, saa nne asubuhi, alifika kwa miguu na kanga imelowa mpaka shingoni, na kiatu kimoja. Daraja lilikuwa chini ya maji tangu alfajiri. Mapacha. Wa kwanza alitoka vizuri, wa pili akalala mkingamo. Nikamgeuza kwa mikono hii. Mama aliniambia, "Dada, mmoja akinibakia inatosha, usijichoshe." Nikamwambia anyamaze. Leo mapacha hao wana miaka miwili, wakija kliniki wanaiba glavu wazipulize.

Mpango wangu ni huu. Naanza na ombi: vitanda viwili vibaki, wakunga wanne tubaki, tugawane zamu tatu, na ratiba nimeshaichora. Halafu ndipo nasimulia. Ndivyo tunavyokabidhiana zamu wodini. Unaanza kwa kusema mgonjwa anahitaji nini sasa hivi, historia inafuata, maana anayekupokea anaweza kuitwa wakati wowote na akaondoka hujamaliza.

Sasa nipigie. Dakika kumi tu. Wenzangu wamechoka, nikianza kusoma wanasinzia wamekaa. Nimebaki kulisomea kabati la mashuka. Kabati halina maoni.

Kitinda


22 Machi

Mdogo wangu,

Usilidharau kabati la mashuka. Ni hadhira bora kuliko nyingi nilizowahi kupata, angalau halichezei simu.

Kiatu kimoja! Hicho usikiache hata kwa dawa. Nilipofika hapo chai yangu ilipoa mezani.

Lakini ombi mwanzoni? Hapana, hapana, na tena hapana. Hotuba si ripoti ya zamu. Ukiomba kabla hujawagusa, watakuwa wameshakunyima kabla mama hajafika mlangoni. Ombi liweke mwisho kabisa. Waongoze polepole mpaka darajani, waache wamesimama mbele ya maji, uwaulize: "Angefika?" Halafu nyamaza. Hesabu moyoni hadi saba. Utaona kama miaka saba, usiogope, usikohoe, usiguse karatasi. Ukifika saba ndipo unatoa ombi, na watalipokea kwa mikono miwili kwa sababu watakuwa wanatafuta pa kutokea.

Nilifanya hivyo siku ya mahafali, ukumbi wa watu mia sita. Niliponyamaza, hata waliokuwa wakikohoa waliziba midomo. Mkuu wa chuo aliniambia baadaye kwamba alishika mkono wa kiti. Saba, Kitinda. Sita ni woga, nane ni maringo.

Kuhusu simu nimeshasema, usiwe king'ang'anizi. Isitoshe mafua yamenishika kooni. Wifi yako anakusalimu. Ananitazama vibaya hapa ninapoandika, sijui nimemkosea nini.

Redio


12 Aprili

Kaka Redio,

Nimezungumza jana. Nilifanya yote uliyoniambia. Walipiga makofi, wote tisa. Mwenyekiti alivua miwani akaifuta.

Nimechoka. Nitaandika zaidi nikipata nafasi.

Kitinda


18 Aprili

Kitinda, Kitinda, Kitinda!

Nilimwomba Wifi yako aisome barua yako kwa sauti, akaisoma, nikamwomba tena. Nimeinuka kitini nikazunguka meza kama mwendawazimu. Wote tisa! Na mwenye mto akafuta miwani! Binti wa "Karibuni chakula"!

Sasa usininyime utamu. Nataka yote. Ulisimama wapi? Feni iligonga? Zile saba ulizimaliza? Na baada ya saba ni nani aliyevunja ukimya, wewe au wao? Kuna wakati hadhira ikishikika inavunja yenyewe, mtu anaguna, mtu anavuta pumzi, na hapo mzungumzaji anajua kazi imekwisha.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Mwaka huu nimekuwa naamka na kukaa tu kitandani nikiangalia miguu yangu. Nilidhani mimi na kazi yangu basi. Halafu ikaja barua yako ya kwanza, nikaanza kuamka nikiwa na la kufanya. Kumbe bado naweza kusimama mbele ya watu, hata kama ni kwa miguu yako.

Andika haraka.

Redio wako


3 Mei

Kaka,

Umeuliza ni nani aliyevunja ukimya. Mwenyekiti.

Nilisimama mahali pale pale nilipofanyia mazoezi. Sikutetemeka. Nilisema kuhusu kanga, kiatu, maji. Niliona wananifuata. Nikauliza, "Angefika?" Nikanyamaza. Moja. Mbili. Feni inagonga. Tatu, mjumbe mmoja anatafuta leso. Nne. Tano. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta, akasema, "Tunakushukuru sana, Mkunga. Kwa kweli umetugusa." Wakapiga makofi.

Walidhani nimemaliza.

Nikasema, "Samahani, bado," lakini makofi yalinifunika, na katibu alikuwa ameshafungua mlango anamwita mhandisi wa majengo. Kwenye bodi yetu msemaji akishashukuriwa, hoja imefungwa, anatoka. Nikatoka. Nilikuwa bado na dakika tatu. Slaidi ya vitanda viwili hakuna aliyeiona. Ratiba ilibaki mkononi mwangu, imelowa jasho.

Muhtasari umetoka. Nakunakilia: "Mkunga Mkuu alisimulia kisa cha kusikitisha cha mama aliyejifungua mapacha. Wajumbe waliguswa. Hakukuwa na pendekezo mbadala. Bodi iliazimia wodi ifungwe ifikapo tarehe 30 Aprili."

Hakukuwa na pendekezo mbadala. Nimeyasoma maneno hayo mpaka yamepoteza maana. Nilikwenda kwa katibu na ratiba yangu. Alikuwa mpole kabisa. Alisema bodi itakaa tena mwezi wa kumi, na vitanda vilishaanza kupakiwa. Sasa vimekwenda. Pale vilipokuwa, sakafu ina alama za magurudumu.

Sikukuambia mapema kwa sababu makofi yalikuwapo kweli, na nilijua utafurahi. Barua yako iliponifikia nilishindwa kuimaliza.

Kosa ni langu, mimi ndiye niliyesimama. Lakini nilikuomba unisikilize, kaka. Nilikuomba barua baada ya barua. Dakika kumi! Ungenisikia mara moja tu ungejua kwamba mimi nikinyamaza ninanyamaza kama mtu aliyemaliza. Wewe ukinyamaza watu wanasubiri, maana hawajawahi kukuona umemaliza. Ulikuwa na kazi gani kubwa hivyo?

Kitinda


9 Mei

Wifi yangu,

Hii naandika mimi mwenyewe, naye hajui. Sina ufundi wake wa kupanga maneno kwa hiyo nitasema kama lilivyo.

Kaka yako hana sauti. Mwezi wa kwanza walimkuta na uvimbe kooni, wakamfanyia upasuaji, wakaondoa chote kinachotoa sauti. Yu hai, na daktari anasema ugonjwa wameuwahi. Anapumulia kwenye tundu shingoni, analifunika kwa kitambaa. Akitaka maji anagonga meza. Mengine anayaandika kwenye daftari.

Alinishika mkono hospitalini akaandika, "Kitinda asijue kwamba Redio imezimika." Nikakubali. Nilidhani ni wiki mbili tatu, akishazoea atasema mwenyewe. Simu yako ikiita anaishika, anaitazama mpaka inyamaze, anairudisha mezani. Ile barua aliyokuandikia kuhusu mafua nilimwambia ni uongo wa kitoto. Akaweka kidole mdomoni, eti ninyamaze. Yeye!

Barua yako ya tarehe tatu ameisoma. Akaikunja, akaenda kukaa kwenye kiti cha nje kilichoegemea ukuta. Leo siku ya tatu hajaandika hata herufi kwenye lile daftari, yaani siku ya tatu hajasema.

Mwandikie. Ukitaka kumtukana mtukane, lakini usimwache hivyo.

Wifi yako


21 Mei

Kaka Redio,

Wifi ameniambia. Usimgombeze.

Barua yake ilinikuta siku ya kukabidhi funguo za wodi yetu, nikalia ndani ya kabati la mashuka. Nafasi ipo tele, mashuka yamehamishwa. Pole. Pole sana, kaka yangu. Nilitaka kuja siku ile ile lakini hospitali kuu hawajanipa hata siku moja ya mapumziko.

Nina hasira pia, na siifichi, tumeshaona kuficha kumetufikisha wapi. Walikata koo. Masikio walikuachia. Ungepokea simu ukanyamaza, mimi nikasoma, halafu ukaniandikia, "Unanyamaza vibaya." Maneno mawili. Uliona aibu ya kukaa kimya mbele yangu, mimi niliyekaa kimya mbele yako maisha yangu yote! Nani angekuelewa kuliko mimi?

Jumanne mvua ilinyesha. Saa tano asubuhi mama mmoja alifika kwenye wodi yetu na mama mkwe wake, wakakuta kufuli. Mlinzi akawatafutia gari na kunipigia simu. Mimi nilikuwa huku, upande wa pili wa daraja, nimeshavaa glavu. Gari lilifika darajani likasimama. Nilikuwa nazungumza na yule mama mkwe kwa simu, namwelekeza, mpaka simu yake ikaisha chaji. Maji yalishuka saa tisa.

Mama yu hai. Mtoto hakulia. Alikuwa wa kike, amekamilika, na nywele nyingi.

Nilipovua glavu nilijikuta nahesabu, sijui nilikuwa nahesabu nini.

Jumamosi saa kumi alasiri nitapiga simu. Wifi asipokee, pokea wewe. Nitakusomea yote, pamoja na ile sehemu ambayo hakuna aliyeisikia. Haitasaidia kitu, vitanda havirudi, mtoto harudi. Nataka tu mtu mmoja aisikie mpaka mwisho. Nikimaliza, gonga meza mara moja.

Kitinda


27 Mei

Mdogo wangu,

Nilipokea. Ule mlio kama filimbi mbovu uliousikia mwanzoni ndio mimi, ndivyo ninavyopumua siku hizi. Nilikuwa sebuleni, nimekivua kitambaa. Wifi yako alitoka nje akafunga mlango taratibu.

Niligonga meza kama ulivyosema. Sijui kama ulisikia, ulikuwa unalia.

Ulizungumza vizuri. Nimewasikiliza watu kwa miaka ishirini na miwili na sikufariji, sina nguvu ya kumfariji mtu. Huna maringo, hupambi, kiatu kile kimoja nilikiona. Ombi lako linachukua dakika moja na nusu. Vitanda viwili, wakunga wanne, zamu tatu. Kama lingekuwa mwanzoni, ulivyotaka wewe, Mwenyekiti angekushukuru anapotaka na lingekuwa limeshaandikwa. Ripoti ya zamu inajua kwamba watu hukatizwa. Mimi sikujua. Mimi sikuwahi kukatizwa na mtu. Nilikupa hesabu ya ukumbi wa watu mia sita waliokuwa wamekuja kunisikiliza mimi, ukaibeba kwenye chumba cha watu tisa waliokuwa wanasubiri kwenda kula.

Na ulikuwa sahihi kuhusu masikio. Ungekuwa umekosea, ningelala.

Yule mtoto wa kike nimemwandika kwenye daftari, ukurasa wa peke yake. Nimeandika "mtoto wa kike, nywele nyingi." Nimekaa nao ukurasa huo tangu Jumamosi na sijui niongeze nini. Ushauri sina tena. Wifi yako anasema nikuandikie kwamba tutashinda, au neno la namna hiyo. Nimekataa.

Nitakuambia tu kilichotokea upande huu wa simu. Ulipouliza, "Angefika?" ukanyamaza, nilianza kuhesabu pamoja nawe. Nilipofika tatu nilijua kwamba ni hapo, hapo hapo, hata nusu isizidi, na kwamba ndilo neno moja ulilohitaji kutoka kwangu tangu mwezi wa tatu: endelea, Kitinda. Nilifungua mdomo.

Wewe ukaendelea kuhesabu mpaka saba.

Kaka yako